Huyu mgeni wenu wa kutoka 2090 amenidhalilisha mbele ya baba mkwe, LEO NDIO MWISHO

Baba Tuli:
Wakuu, salamu baadaye. Naandika hapa mikono inatetemeka na suruali bado imelowa.

Sitamtaja. Mnamjua. Yule yule wa koti la turubai, aliyetokea tu mtaani akasema kaja kutoka 2090, eti huko kwao dunia imebaki vumbi na mabati. Tukamwonea huruma, tukampa uji, tukampa na godoro. Malipo yake ndiyo haya.

Leo baba mkwe kaja kutoka Machame. Hajawahi kufika kwangu tangu nimalize mahari, na wazee wa kule mnajua wanavyomkagua mtu kuanzia viatu. Nikasema kigari nikioshe kwanza king'ae, halafu nimpeleke Coco apigwe upepo. Nimevuta mpira wa maji, povu limekolea, mzee yuko kibarazani na chai yake, stori zinakwenda vizuri kabisa.

Huyu mtu akatokea. Akasimama. Akautazama ule mpira kama mtu aliyekutana na marehemu mama yake sokoni. Kisha akapiga magoti kwenye mfereji, akachota yale maji ya povu yanayotoka kwenye matairi, wakuu, MATAIRI, akanywa. Akachota tena, akanywa. Mbele ya baba mkwe. Halafu akanyanyua uso, povu limejaa ndevuni, akanikazia macho, akasema:

"Kumbe nyie ndio wale."

Wale nani? WALE NANI?

Akaninyang'anya mpira, akafunga koki, akaikumbatia analia. Koki! Mzee akaniuliza taratibu, "Baba Tuli, huyu ni ndugu yenu?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Na msidhani ni leo tu. Embe zikianguka kwa jirani anaziokota hata zilizooza, anazipanga kwa ukubwa, hazili, anazilinda tu. Ukimpa soda ya baridi anaikataa, anaomba ile barafu tu, anapita nayo nyumba kwa nyumba kuwaonyesha watoto mpaka inaishia kwenye vidole. Juzi kaniuliza mifuko ya plastiki tumeificha wapi. Nikamwambia kwa majivuno kabisa kwamba tuliipiga marufuku Juni 2019. Alicheka mpaka akakohoa. Anasema huko kwao bado ipo yote, ile ile yetu, unasoma hata jina la duka.

Yote hayo nilimeza. Lakini kunywa maji ya matairi huku UNANIANGALIA? Angekunywa anaangalia chini ningemsamehe, naapa.

Mzee wa watu, kwa ustaarabu wake, akajaribu kubadilisha mada. Akamwambia, karibu Machame kijana, uje uone mlima. Jibu: "Mlima upi? Ule mweusi?"

Kamwambia Mchagga, usoni, kwamba Kibo ni nyeusi. Mzee kaingia chumbani, hajatoka mpaka sasa. Ndizi nyama zimepoa.

Mods msiunganishe uzi huu na ule wa jini wa Tandale. Nawasilisha.

Mpiga Debe Mstaafu:
Siti ya mbele. Dereva ondoa gari.

Shangazi wa Kigamboni:
Chai hii hata tangawizi haina. Picha ziko wapi?

Baba Tuli:
Picha ningepiga saa ngapi? Mkono mmoja una sabuni, mwingine nang'ang'aniwa mpira!

Kichwa Ngumu:
Ngoja kwanza mkuu. Unaosha gari kwa mpira wa maji, koki imefunguliwa muda wote huo unapiga stori na mkweo? Mwaka 2022 Ruvu ilipopungua tukawa tunapewa maji kwa zamu, wewe ulikuwa nchi gani? Jamaa kakuheshimu sana. Ningekuwa mimi ningechukua na funguo za gari.

Baba Tuli:
Gari langu, bili nalipa mimi. Alikunywa maji ya MATAIRI, bwana, soma uzi.

Mama Kulwa:
Samahani, hebu tulieni. Maji YANATOKA? Mchana kweupe? Tena yana nguvu ya kupanda kwenye mpira? Ni mtaa gani huo nihamie na wanangu? Kwetu yanatoka saa nane za usiku, naamka kukinga ndoo nikiwa nasinzia, yakija yana tope, yakiisha ndio hayo mpaka wiki nyingine. Bili tu ndiyo haijawahi kukatika. Mwacheni huyo kijana aje kwangu, tutaelewana. Hatapata mshtuko wowote.

Wa Uchagani Haswa:
Baba Tuli pole kwa mkweo, ila la mlima mbona ni kweli? Barafu ya Kibo imepungua zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Babu yangu alikuwa akitoka nje asubuhi anaona weupe umeshuka mpaka chini, mimi naona kofia tu, tena iliyotoboka. Na kile kisiwa cha Maziwe pale Pangani, kilikuwa na miti na kasa wakitaga, leo maji yakijaa hukioni. Mtu hahitaji kutoka 2090 kuyajua haya. Angetoka Pangani tu.

Baba Tuli:
Kwa hiyo na wewe unamtetea?

Wa Uchagani Haswa:
Simtetei. Ila ndizi nyama zikibaki nitumie.

Otis wa Kisumu:
Wabongo bana! Mnajisifu na marufuku ya 2019? Sisi huku Kenya hiyo mifuko tuliifukuza Agosti 2017. Huyo mgeni alipaswa kushukia Nairobi, hangekuwa na maneno mengi hivyo.

Kichwa Ngumu:
Ahaa, na mlima nao mmeshausahau au bado mnaupiga picha kutoka Amboseli mnauweka kwenye matangazo yenu?

Otis wa Kisumu:
Picha ni bure. Hata hivyo amesema ni mweusi, kaeni nao.

Profesa Asiye na Darasa:
Nyote mmeibiwa akili. Mwanafizikia Stephen Hawking aliandaa sherehe ya wasafiri wa wakati kule Cambridge tarehe 28 Juni 2009, mwaliko akautoa baada ya sherehe kupita, ili aje tu anayeweza kurudi nyuma. Hakufika mtu. Na Marekani kuna aliyejiita John Titor, 2000 mpaka 2001, eti mwanajeshi wa 2036 aliyefuata kompyuta ya IBM 5100. Akatabiri Urusi itaipiga miji yao kwa nyuklia 2015. Hiyo 2015 ilipita mimi nikisubiri mshahara. Huyo wenu ni tapeli mwenye kiu.

Shangazi wa Kigamboni:
Sherehe ya mzungu, haina pilau, haina kigodoro, mwaliko unakuja imeshaisha. Nani angekwenda?

Mkeka Hauchaniki:
Mnapoteza muda. Kama kweli katoka mbele, derby ijayo inaishaje? Hata dakika ya bao la kwanza tu, nifute madeni.

Baba Tuli:
Nilishamuuliza siku za mwanzo. Akauliza Yanga wanakaa wapi, nikamwambia Jangwani. Akasema Jangwani ni bahari. TURUDI KWENYE MADA WAKUU.

Mnyama Mkali:
😂😂😂 Vyura hatimaye wamefika nyumbani!

Mwananchi Halisi:
Bahari au si bahari, 5-1 ya Novemba 5, 2023 hata 2090 itakuwa haijafutika. Muulizeni tena, lazima wanafundishwa shuleni.

Mnyama Mkali:
6-0 ya 1977.

Mwananchi Halisi:
1977 Bara hata televisheni hatukuwa nayo. Leta ushahidi wa rangi.

Mnyama Mkali:
Baba yangu alikuwepo uwanjani.

Mwananchi Halisi:
Baba yako alikuwepo kwenye mnazi.

Baba Tuli:
Jamani alikunywa huku ananiangalia. Na sasa hivi amelala pale pale mfereji ulipo, kaifunga koki kwa kamba ya koti lake. Nitaogaje kesho?

Mkeka Hauchaniki:
Mwananchi, weka elfu hamsini tuone nani mwanaume.

Mzee wa Mabomba:
Mama Kulwa, nimekusoma hapo juu. Nina tenki la lita 2,000, limetumika kidogo, bei maelewano. Njoo PM.

Mama Kulwa:
Linavuja?

Mzee wa Mabomba:
Chini tu.