Nibaki Marekani au nihamie Ujerumani? Mzee amezikwa sikuwepo, naombeni mawazo

Mmeru_Ohio aliandika:

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu. Naombeni mnivumilie ni ndefu kidogo, huku sina mtu wa kuongea naye Kiswahili zaidi ya mama kwenye simu na mama mwenyewe siwezi kumwambia kila kitu.

Niko Ohio mwaka wa pili, namalizia masters ya uhandisi wa mazingira upande wa maji ya ardhini, natetea tasnifu Agosti hii. Nina vitu viwili mkononi. Cha kwanza kazi hapahapa Columbus, kampuni ndogo ya ushauri wa mambo ya maji, wameniahidi dola 66,000 kwa mwaka, naanza na OPT (ruhusa ya mwanafunzi wa kigeni kufanya kazi akimaliza chuo) miezi 12 alafu kwa vile kozi yangu iko kwenye STEM, yaani orodha ya masomo ya sayansi na uhandisi, naruhusiwa kuomba nyongeza ya miezi 24. Cha pili ni nafasi ya PhD Leipzig, Ujerumani, mkataba wa miaka 3 kwa asilimia 65 ya kazi ya muda kamili, na mradi wenyewe ni floridi, yale madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, kwenye maji ya visima na chemchemi za kuzunguka mlima Meru.

Mimi kwetu Ngarenanyuki, hukohuko Meru. Wanaopajua wameshaelewa. Meno yangu ni ya kahawia tangu yale ya utoto yang'oke, bibi yangu amekufa magoti yamepinda hawezi kusimama wima, na maji tuliyokunywa wote ni yaleyale. Kiwango cha WHO ni miligramu 1.5 za floridi kwa lita na kwetu kuna sehemu yanapita hapo mara nyingi tu. Siku ya kwanza naenda kwa daktari wa meno huku aliita wenzake wawili waje kuangalia, hawakuwa na nia mbaya, ila nimelala pale mdomo wazi nawaza kwamba darasa letu zima shule ya msingi tulikuwa hivihivi na hakuna aliyeshangaa.

Sasa kinachoninyima usingizi. Mzee wangu alifariki Februari mwaka huu 2025. Stika ya visa kwenye pasipoti yangu ilikuwa imeshaisha, kukaa huku nakaa kihalali kwa sababu karatasi za chuo ziko hai, ila nikitoka tu lazima niombe visa upya ubalozini Dar ndo nirudi. Mshauri wa wanafunzi wa kigeni akaniambia uamuzi ni wako ila hakuna wa kukuhakikishia utarudi. Kaka akapiga simu akasema kaa umalize, baba mwenyewe angesema hivyo. Nikakaa. Mazishi yalikuwa saa nane mchana, huku saa kumi na mbili asubuhi, theluji dirishani, binamu kashika simu video call pale migombani na mtandao ukakata wakati wanaanza kuweka udongo. Uliporudi watu walishafika kwenye mashada. Mimi sikuona udongo wa baba yangu unaingia.

Alafu Mei hii balozi zao zikasimamisha kupanga interview mpya za visa za wanafunzi kwa wiki kadhaa dunia nzima, nikasema kumbe ningeenda ningekuwa bado nimekwama Dar na tasnifu imelala.

Nina wadogo wawili, mmoja Form Five mwingine chuo mwaka wa kwanza, ada sasa ni mimi na kaka. Hela ya Ohio ni kubwa kuliko ya Leipzig hilo nalijua. Ila nikiwaza kuishi miaka mingine mitatu naogopa kila simu ya usiku, naishiwa nguvu. Mliopitia huku na kule nisaidieni, natanguliza shukrani.

Houston_255 aliandika:

Pole sana mdogo wangu, Mungu amlaze mzee mahali pema. Mimi baba yangu naye nilimzika kwa simu mwaka wangu wa nne hapa kwahiyo sikuandikii kama mtu asiyejua.

Ila nakushauri usiiache hiyo kazi kwa sababu ya msiba. Msiba ukiwa mbichi unaona kila kitu kwa jicho la msiba. STEM inakupa karibu miaka mitatu ya kufanya kazi na ndani yake unaingizwa kwenye bahati nasibu ya H-1B, visa ya kazi ya wenye digrii, hata mara tatu, Machi unasajiliwa, ukichaguliwa unaanza Oktoba. Nafasi kwa mwaka ni 65,000 na zingine 20,000 za wenye masters za Marekani kama wewe. Mimi nilikosa mara mbili nikapata ya tatu, sasa nina familia, nimejenga kwetu, wadogo zangu wanne wamesoma. Vyuo vikuu havifungwi na idadi hiyo, kwahiyo hata bahati nasibu ikikukataa kuna mlango wa kufanya kazi chuoni.

Mabaya yake nakwambia pia usije ukasema hukuambiwa. Ukiwa OPT usikae bila kazi zaidi ya siku 90 kwa jumla, zinahesabiwa. Na hiyo stika ukiwa OPT ukienda kuiomba upya Dar ni ngumu kuliko ulivyokuwa mwanafunzi, maana wanataka kuamini utarudi kwenu na wewe una kazi Columbus. Afya nayo, mwaka jana nilibebwa na ambulance dakika kumi, bima ikalipa sehemu, mimi nikaletewa bili ya dola 1,400. Lakini kwa hela, mdogo wangu, huku ndo huku. Wadogo zako wamalize kwanza shule, floridi haitahama mlimani.

Dada_Saksonia aliandika:

Mdogo wangu pole sana. Hiyo ya mtandao kukata imenikaa kifuani tangu asubuhi.

Niko Ujerumani mwaka wa saba, PhD nimemalizia hukuhuku, ngoja nikueleze lile ambalo wengi hawaelezi, maana wote wanaongelea hela. Ukija kwenye nafasi ya aina hiyo wewe ni mfanyakazi, sio mwanafunzi wa kuombaomba. Mkataba ni ngazi inaitwa E13, kwa asilimia 65 inakuja kama euro 3,000 kabla ya makato na mkononi unabaki na kama 2,000. Bima ya afya imo, pensheni imo, na likizo ni siku 30 za kazi kwa mwaka, siku thelathini zilizoandikwa kwenye mkataba, sio za kuombwa kwa kujikunyata. Unakuja na visa ya muda mrefu, ukifika wanakupa kadi ya ukaazi. Kadi ikiwa hai unatoka na kurudi bila kumuomba mtu, ila usizidishe miezi 6 nje. Mama yangu alipougua 2022 nilipigiwa simu Jumanne jioni, Alhamisi nilikuwa Muhimbili nimemshika mkono. Sikuomba visa, niliomba ruhusa kwa profesa tu, barua pepe ya mistari miwili.

Na saa. Wewe saa tatu usiku ya mama ni saa nane mchana uko maabara. Huku saa tatu yake ni saa mbili usiku wakati wa joto na saa moja wakati wa baridi, nimeshapika nimekaa, tunaongea hadi anasinzia.

Sasa ugumu. Lugha. Maabara mtaongea Kiingereza ila nyumba, benki, karani, daktari ni Kijerumani, na bila kufika B1, kile kiwango cha kati cha lugha, utaishi kama umeazimwa. Ukifika B1 na baadae ukapata kazi yenye Blue Card (kibali cha kazi cha wenye digrii), ukaazi wa kudumu unaombwa baada ya miezi 21, bila B1 ni 27. Kadi yangu ya kwanza ofisi ya wageni ya mji niliokuwa walinichelewesha miezi mitano, nilitembea na karatasi ya muda iliyokunjwakunjwa. Jumapili maduka yamefungwa na mtaa umekufa, miezi ya Novemba hadi Januari ukiwa na huzuni itakukuta ndani. Saksonia, jimbo ilipo Leipzig, pia nikwambie ukweli, uchaguzi wa Februari chama cha AfD kinachopinga wahamiaji ndicho kiliongoza kwa kura jimboni. Leipzig mjini ni tofauti, kuna wageni wengi na chuo kikuu wanafundisha Kiswahili kabisa, utasalimiwa shikamoo na binti wa Kijerumani, lakini ukitoka kwenda vijiji vya huko chagua usafiri na muda. Nimewahi kukaa kwenye tramu, wa pembeni akahama kiti. Na jirani wa juu, bibi wa miaka 80, ndiye aliyeniletea supu siku tatu nilipokuwa na homa. Vyote viwili vimetokea kwenye mtaa mmoja.

Nakuru_Eindhoven aliandika:

Pole sana bro kwa kumpoteza mzee. Mimi ni wa Nakuru, meno yangu ni kama yako, watu wa Rift Valley tunajuana kwa tabasamu. Niliposoma hiyo ya daktari wa meno nilikumbuka high school vile nilikuwa nafunika mdomo nikicheka.

Kitu moja tu niongeze. Hata kama hutaki PhD, Uholanzi kuna permit inaitwa zoekjaar, mwaka mmoja wa kutafuta kazi, na hata digrii ya nje inakubalika bora chuo kiko ndani ya zile 200 za juu duniani na haijapita miaka mitatu tangu umalize. Angalia kama chuo chako kiko. Kwa hivyo Ulaya haijafungwa ukikaa Columbus mwaka mmoja kwanza uweke pesa.

Mzee_wa_Moro aliandika:

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Mimi nilikuwa SUA, chuo cha kilimo Morogoro, nikasomea Ås kule Norway miaka ya tisini mwanzoni. Wakati huo barua ya nyumbani ilichukua wiki tatu. Mama yangu alizikwa, nikapata habari siku ya kumi na saba, mkononi nina bahasha, nje mvua ya barafu. Kwahiyo hilo la kutoona udongo nalijua. Nilirudi mwaka 1996, nikaenda kaburini peke yangu asubuhi na jembe, nikapalilia. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Ukifika kwenu fanya kitu kwa mikono yako pale kaburini, kitakusaidia.

Kuhusu mradi, kabla hujakubali muulize profesa mambo haya kwa maandishi. Kwenda Meru kuchukua sampuli kumo kwenye bajeti au ni matumaini tu? Kwa muda gani kila mwaka? Takwimu za visima zitabaki kwao au watashirikiana na chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru, Arusha? Maana nimeona watafiti wengi wamekuja Arumeru wakajaza chupa wakaondoka na wale wamama hawajapata hata karatasi moja ya kuwaambia kisima chao kina nini. Wewe ukiwa ndani, hilo linaweza kubadilika, lakini liwe kwenye mkataba. Nikuulize na hili, mama yako anasemaje?

Mmeru_Ohio aliandika:

Wakuu asanteni, kaka wa Houston asante sana pia, nimesoma yako mara nyingi kuliko zote maana ndo ile sauti iliyoko kichwani kwangu.

Nimemwandikia profesa maswali ya mzee kama yalivyo. Amejibu leo. Wiki 6 za kazi ya uwandani kila mwaka ziko kwenye bajeti, za kwanza ni Januari, na Tengeru ni washirika, sampuli nyingine zitapimwa palepale. Ya kuwarudishia wanakijiji majibu hakuwa ameyaweka, ameniomba niandike nusu ukurasa nipendekeze. Nimeandika kurasa tatu.

Ada tumepiga hesabu na kaka, kwa euro 2,000 nikiishi chumba cha wanafunzi naweza kutuma 350 kila mwezi, yeye aongeze. Wa chuo atafute mkopo wa bodi, ameshajaza. Itabana. Kaka amenyamaza kidogo kwenye simu alafu akasema sawa.

Mama nilimuuliza jana. Nilimwambia naweza kuja Januari. Hakusema lolote kuhusu Marekani wala Ujerumani, aliuliza Januari tarehe ngapi, ili asivune ile ndizi ya pembeni ya kaburi kabla sijafika.

Jumatatu naiambia kampuni. Dada, chumba Leipzig naanzia wapi kutafuta?

Dada_Saksonia aliandika:

Studentenwerk Leipzig, ndio wenye mabweni ya wanafunzi, omba leo usiku, foleni ni ndefu kabla ya Oktoba. Usitume hela ya chumba kwa mtu yeyote kabla hakijaonwa, nitaenda kukuonea mimi. Na miadi ya visa weka sasaivi kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani unaohudumia Ohio wakati bado una karatasi halali za huko, usisubiri utetee.