Nimeombwa kusaidia sherehe ya kufunga shule ya bweni, nijiandaeje?

BintiTandika:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Shangazi yangu ni matroni kwenye shule ya msingi ya bweni huko mkoani Kilimanjaro. Wanafunga mwanzoni mwa Desemba, na siku hiyo watoto wanaonyesha ngoma, ngonjera, igizo na nyimbo za Krismasi mbele ya wazazi. Ameniambia nipande mapema nikamsaidie. Malipo hakuna, nitakula na kulala kwake. Mimi ni fundi cherehani, shule nilisoma ya kutwa, mambo ya bweni siyajui kabisa. Nawaza niwabebee watoto pipi na biskuti, na nipige picha nzuri za kuweka kwenye ukurasa wangu wa kazi. Waliowahi kujitolea sehemu kama hizo, kazi yenyewe inakuwaje?

MwanaSame:
Safari isikutishe. Mwanzoni mwa Desemba viti bado vipo, wanaopanda kwenda kula Krismasi Uchagani wanajaa baadaye. Ila ya kurudi kata mapema, maana siku shule zinafunga watoto wa Dar wanashuka kwa wingi.

BibiMatroni:
Marahaba mwanangu. Nimelea mabweni mpaka nikastaafu, kwa hiyo nitakuambia ambayo shangazi yako hatayasema kwenye simu kwa kuwa yuko mbio.

Kwanza, usiogope vitoto vidogo. Tangu waraka wa Kamishna wa Elimu wa mwaka 2023, wa awali mpaka darasa la nne hawalali bweni. La saba nao wanafanya mtihani Septemba na kwenda zao. Desemba utawakuta wa tano na wa sita, watu wazima kwa maoni yao wenyewe.

Pipi acha. Siku hiyo kila mzazi anakuja na kapu. Wewe njoo na pini za kutosha, uzi mweusi na mweupe, lastiki, na mkasi wako mwenyewe unaokata. Mavazi ya ngoma yanatoka kwenye sanduku la stoo, vitenge vimetafunwa na panya pindoni, na aliyevaa mwaka jana amerefuka. Utagombaniwa. Njoo na pasi ya mkaa pia kama unayo, umeme hauna adabu siku za sherehe.

Wakicheza bugobogobo, njuga usizifunge kwenye ngozi tupu. Zungushia kitambaa kwanza, au soksi iliyokatwa mbele, la sivyo mgeni rasmi anafika kifundo kimeshachubuka na mtoto anacheza akichechemea. Na majembe wanayorusha yawe ya mbao, hata mwalimu wa ngoma akinuna. Ndevu za wazee kwenye igizo ni pamba ya duka la dawa. Gundi ya karatasi inawasha, bandika kwa uji mzito wa ngano. Masharubu ni masizi na mafuta ya kupaka. (Atakayeigiza baba mlevi ndiye atakayeshangiliwa kuliko wote, hata mkimshonea malaika hariri.)

Ratiba itasema saa nne. Mgeni rasmi atafika saa sita, na watoto watakuwa wamepangwa mstari tangu saa tatu. Wanywe uji kabla ya kuvaa, siyo baada. Anayeomba kwenda chooni aende, usimwambie avumilie eti lubega imeshafungwa pini. Mvua ya vuli ikianza kupiga bati la bwalo, mfuate mwalimu mwenye ratiba umwambie aingize ngoma. Ngonjera isubiri. Mtoto amekariri beti zake muhula mzima, halafu azimalizie kwenye kelele za mvua, hata maiki haisaidii.

Lakini kilichonifanya niandike ni hiki. Wimbo wa mwisho ukiisha, wazazi wote wanasimama kwa pamoja. Tranka zinaburuzwa, magodoro yako vichwani, watoto bado wana masizi usoni, humjui huyu ni nani wala yule ni wa nani. Kila mtu anataka awahi gari. Walimu wamekwenda kula na mgeni rasmi. Shangazi yako atakuwa na meza na daftari la kutoka. Omba ukae hapo, hata kama roho yako iko kwenye picha. Mtoto haondoki na mtu ambaye hakuandikwa, awe anamwita mjomba, awe amekasirika na kukutajia cheo chake. Mpigie mzazi kwa namba iliyomo daftarini, siyo ile atakayokusomea yeye kwenye simu yake. Akikuona una kiburi, mwache akuone.

Na wapo ambao siku hiyo hawajiwi na mtu, wanaondoka kesho yake na basi la shule. Utawakuta kwenye ngazi za bweni wanafungua na kufunga tranka ileile. Usiwaonee huruma kwa sauti. Waambie wakusaidie kuhesabu njuga na kukunja vitenge, na mle pilau lililobaki pamoja.

Wakili_Msomi:
Kuhusu picha, dada: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa, na ridhaa ya mtoto anaitoa mzazi au mlezi, siyo shangazi yako. Kama unataka kuonyesha ufundi wako, tundika magauni kwenye kamba upige bila nyuso.

BabaWawili:
Mimi natofautiana na Bibi kwenye pipi. Hao wasiojiwa na mtu nao wataona makapu ya wenzao yakifunguliwa. Peleka, ila mkabidhi matroni agawe jioni, wageni wakishaondoka.

BibiMatroni:
@BabaWawili hapo umenishinda. Jioni, sawa. Mbele ya wageni, hapana.

BintiTandika:
Asanteni sana, asante Bibi. Picha nimeelewa. Swali moja: wazazi wakianza kutunza watoto wanapocheza, zile hela anashika nani? Shangazi anasema mwaka jana palitokea maneno.

BibiMatroni:
Lazima yatokee. Noti inabandikwa kwenye paji la uso, inadondoka, watoto watatu wanaiinamia, ngoma imeharibika. Weka kapu mbele ya jukwaa, na mshereheshaji atangaze kabla ya ngoma ya kwanza kwamba wanaotunza waweke humo. Mwalimu mmoja na mzazi mmoja wahesabu palepale mezani, mshereheshaji asome kiasi kwenye maiki. Wewe mgeni usiliguse hilo kapu, hata kulisogeza.

BintiTandika:
Nimeandika yote kwenye daftari. Kesho naenda Kariakoo kutafuta lastiki.