Alama ya kijenetiki inasema hatari yangu ya bipola ni ndogo. Nimwamini nani?

Njiapanda: Wakuu, naombeni ushauri. Nilipeleka mate kupimwa, alama yangu ya hatari ya bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) imetoka asilimia 22, yaani watu 78 kati ya 100 wamenizidi. Ila daktari alishasema nina bipola aina ya kwanza. Nani mkweli?

Takwimu_Tupu: Daktari. Alama hiyo ni hesabu ya kujumlisha: kwa kila badiliko la DNA unahesabu nakala ulizorithi (0, 1 au 2), unazidisha kwa uzito wake, kisha unajumlisha maelfu. Kwenye utafiti wa 2021 wenye wagonjwa 41,917, ilieleza chini ya asilimia 5 ya tofauti za hatari kati ya watu, wakati tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi asilimia 60 hadi 85. Wagonjwa wenye alama ndogo wapo wengi tu.

Mama_Subira: Kwenu kuna mzazi au ndugu anayeumwa? Anza hapo. Na vijana acheni kugawa mate, DNA ukishaitoa hairudi.

Nesi_wa_Zamu: Dawa unameza?

Njiapanda: Lithiamu. Nimepunguza nusu tangu majibu yatoke. Mikono ilikuwa inatetemeka, kiu haiishi. Sasa niko vizuri, nalala kidogo na kazi zinakwenda. Kwa nini nimeze dawa ya ugonjwa usio kwenye DNA yangu?

Nesi_wa_Zamu: Ndugu yangu, kulala kidogo bila kuchoka ni dalili ya mania (ule msisimko uliopitiliza) kurudi. Lithiamu ikipunguzwa ghafla hilo hutokea sana, na hatari ya kujiua hupanda. Piga simu kliniki leo, sema ukweli wote. Wapime kiwango cha lithiamu kwenye damu, pia figo na tezi ya shingo. Kwa kawaida kiwango hicho kinatakiwa kiwe milimoli 0.6 hadi 0.8 kwa lita. Ibuprofeni au kuharisha hukipandisha, na mtetemeko ukizidi lazima kipimwe.

Kisu_Kikali: Hii chai. Kipimo gani kinatoa asilimia bila kusema umelinganishwa na nani?

Njiapanda: Si chai mkuu. Chini kabisa, maandishi madogo: "kundi la ulinganisho: asili ya Ulaya". Mimi si wa huko.

Takwimu_Tupu: Basi hata hiyo 22 haina mashiko. Mabadiliko ya DNA yanayorithiwa kwa pamoja hutofautiana kati ya jamii, kwa hiyo uzito uliokokotolewa kwa Wazungu hupungua nguvu kwingine na wastani wenyewe unahama. Kwa watu wa asili yako ungeweza kuwa juu au chini, namba hiyo haisemi.

Njiapanda: Nimepiga. Wamesema nirudie dozi ya zamani leo, damu kesho saa mbili asubuhi. Nimeze saa ngapi?

Nesi_wa_Zamu: Saa mbili usiku, zipite saa 12 kamili. Asubuhi usimeze mpaka damu itoke. Na mtu wa nyumbani aende nawe.