Nasoma msahafu bila kukwama lakini Kiarabu sikielewi: nianzie wapi?

mwana_langoni (Lamu)
Assalaam alaykum. Chuo cha Kurani nimemaliza, msahafu ukifunguliwa popote nasoma, tajwidi (kanuni za kisomo) ipo. Lakini nipe gazeti la Kiarabu uone ninavyotoa macho. Na mgeni wa kutoka Omani au Saudia akinisemesha, jibu langu ni "naam, naam" tu. Nina miezi sita, saa moja kila siku baada ya Alfajiri, na mwalimu nampata Jumamosi pekee. Nataka lugha pamoja na adabu za wenyewe: kusalimia, kukaribisha, kukaa na watu barazani. Nianze na nahau (sarufi), na msamiati, au mazungumzo moja kwa moja? Na je, fusha (Kiarabu sanifu) au Kiarabu cha Ghuba?

kalamu_ya_tete (Lamu)
Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Kwanza acha kujipima kwa msahafu. Ulichohifadhi hukisomi, unakikumbuka. Jicho likiona herufi mbili, ulimi ushamaliza aya. Gazeti halina irabu (alama za a, i, u) na hulijui kwa moyo, ndiyo maana linakushinda. Dawa yake: tafuta habari fupi yenye irabu, mistari minane hadi kumi (vitabu vya watoto vinazo), inakili kwa mkono bila irabu, kisha iache. Kesho yake zirudishe irabu kwa kalamu ya rangi nyingine, ulinganishe na asili. Utakosea zaidi mahali pawili: herufi ya mwisho ya neno, na vitenzi vya kutendwa. كتب ikiwa tupu yaweza kuwa kataba (aliandika), kutiba (kiliandikwa) au kutub (vitabu), na kinachoamua ni maneno ya jirani yake. Mara tatu kwa wiki yatosha.

Baada ya hapo, mizizi. Hapa ndipo Mswahili anapomwacha mwanafunzi mwingine mbali. Maneno mengi ya Kiarabu yamejengwa juu ya herufi tatu za asili, na mengi kati ya hayo unayo tayari mdomoni. Tazama ق ب ل. Kila siku unasema kabla, kibla, kabila, kubali, mkabala, mustakabali. Yote sita yametoka shina moja. Kibla ni upande unaouelekea, mkabala ni kilicho usoni pako, mustakabali ni wakati unaokuja kukukuta. Ukishaliona hilo, neno استقبل (alimpokea mgeni) halikutishi tena hata kama hujawahi kulisikia.

Fanya daftari, ukurasa mmoja kwa mzizi mmoja. Juu andika herufi zake tatu, kila moja peke yake. Upande wa kulia maneno ya Kiarabu na irabu zake zote. Upande wa kushoto neno la Kiswahili lililotoka humo na maana ya Kiarabu, hasa ikiwa zimeachana. Mizizi mitatu kwa wiki, usiongeze. Wiki 26 zitakupa mizizi 78, na kila mmoja ukitoa maneno matano, hayo ni 390 yaliyoshikana, ambayo ni rahisi kuyakumbuka kuliko orodha ya maneno 1,000 yasiyojuana.

Kamusi nazo nyingi zimepangwa kwa mizizi, kwa hiyo مستقبل usilitafute kwenye mim. Vua kwanza herufi za ziada. Herufi zinazoweza kuongezwa ni kumi, na wanafunzi huzikusanya katika neno سألتمونيها. Hapa mim, sin na ta ni za kuongezwa. Zivue, zinabaki qaf, ba, lam. Kosa la wanaoanza ni kuvua herufi kwa kuwa tu imo kwenye hizo kumi, hata pale ambapo ni ya asili. Ukibaki na herufi mbili, umevua mno: rudisha moja.

Ajurumia iache mpaka mwezi wa nne. Ni matini ya nahau, fupi na ya maana, lakini inaingia moja kwa moja kwenye aina za maneno na irabu za mwisho. Haikufundishi hata kuuliza bei ya samaki.

bint_mkomani (Lamu)
Naongeza kwenye daftari la kaka hapo juu: tenga kurasa mbili za maneno yanayodanganya. Ndiyo yatakayokuaibisha, maana unayasema kwa kujiamini.

La kwanza ni tafadhali. Sisi tunalitumia kuomba. Mwarabu analitumia kutoa: anakufungulia mlango, anakusogezea sahani ya tende, ndipo anasema tafaddal. Mwanamke huambiwa tafaddali, wengi tafaddalu. Kwa hiyo ukimwambia mgeni mwanamume "tafaddali, nipe maji", umemsemesha kama mwanamke na umemkaribisha maji yake mwenyewe! Kuomba ni min fadlik, au law samaht.

La pili marahaba. Kwetu ni jibu la mkubwa aliyeamkiwa shikamoo. Kwao marhaba ni salamu ya kuanzia, anaweza kuisema yeyote kwa yeyote, na jibu laweza kuwa ahlan. Sabalkheri nayo hairudishwi vilevile: anayejibu husema sabah an-nur, na jioni masaa an-nur.

Mengine nayapitia mbio. رخيص (rakhis), ile rahisi yetu, ni bei nafuu tu. Kazi isiyo ngumu ni سهل (sahl), na mtu akiitwa rakhis ametukanwa. Tajir ni mfanyabiashara, hata kama hana kitu mfukoni. جيران (jiran) tayari ni wingi, mmoja ni جار (jar), kwa hiyo "majirani" yetu ni wingi juu ya wingi. Qarib ni aliye karibu au ndugu wa damu, usimpokelee mgeni mlangoni kwa neno hilo. Sema ahlan wa sahlan. Hata "irabu" yenyewe: kwetu ni a, e, i, o, u na alama zake, ilhali إعراب kwa watu wa nahau ni mabadiliko ya mwisho wa neno.

Na saa, jamani, saa! الساعة الواحدة ni saa saba yetu, si saa moja. Siku nazo wao huhesabu kuanzia Jumapili, al-ahad, ndiyo maana al-khamis ni ya tano. Sisi tumeanza kuhesabu Jumamosi, kisha tukaliacha jina lao palepale. Matokeo yake tuna Jumatano na Alhamisi, "tano" mbili zimefuatana.

makharija_malindi (Malindi)
Mwana_langoni, matamshi utadhani unayo kwa sababu ya tajwidi. Unayo unaposoma. Ukianza kuzungumza yanakimbia, na yanakimbia zaidi kwenye maneno unayoyajua kwa Kiswahili: umezoea elimu, hukumu, sabuni, kwa hiyo ع inageuka alif, ح inakuwa h ya kawaida, na ص inakuwa s. Th, dh na gh hazitakusumbua.

Jirekodi kwa simu jozi hizi, kila jozi mara tano kwa mchanganyiko, kisha sikiliza kesho yake bila kutazama karatasi na uandike ulichosikia: قلب (moyo) na كلب (mbwa), تين (tini) na طين (udongo), سيف (upanga) na صيف (kiangazi), عليم (mjuzi) na أليم (chenye kuumiza). Ukishindwa kujitofautisha mwenyewe, mgeni hatakutofautisha.

Kosa kubwa kuliko hayo ni mkazo. Kiswahili huvuta silabi ya pili kutoka mwisho, karibu katika kila neno, bila kufikiri. Kiarabu hutazama urefu wa irabu. Kataba mkazo wake uko mwanzoni. Mswahili husema "kataaba". مطر ni mvua, مطار ni uwanja wa ndege, na dereva wa teksi hatakuwa na subira ya kukisia. Pia usimalizie neno kwa irabu isiyokuwepo: khubz (mkate), si "khubuzi".

Kinyume chake nacho kipo. Usizungumze kwa tajwidi. Maddi (kuvuta irabu) ya harakati sita na ghunna (sauti ya puani) ni za kisomo. Katika mazungumzo irabu ndefu ni kiasi cha mbili basi, na mwisho wa neno simama kwa sukuni (bila irabu) kama unavyofanya kwenye wakfu, yaani kituo cha kisomo.

Hesabu: wao hutaja mamoja kabla ya makumi. 75 ni khamsa wa sab'in. Ukiandika unavyosikia utaandika 57. Ukisikia khamsa, acha nafasi kushoto, andika 5, ndipo urudi uweke 7. Na kwenye tarakimu zao ٥ ni tano, si sifuri (sifuri ni nukta, ٠), na ٦ ni sita ingawa inafanana na saba yetu. Bei nyingi zimesomwa vibaya hapo.

kalamu_ya_tete (Lamu)
Ahsanta ustadh. Nahau kidogo nayo isisahaulike: sifa kufuata nomino na kupatana nayo hakutakupa tabu, mtu anayesema "kitabu kikubwa kile" ameshazoea kupatanisha kila kitu. Taabu ni mambo mawili. Wingi wa vitu visivyo watu hutendewa kama mwanamke mmoja: kutub jadida (vitabu vipya), si kutub judud. Na "kitabu cha mwalimu" ni kitab al-mu'allim, neno la kwanza halichukui al- hata siku moja. Sisi tukishazoea "cha" tunahisi kuna pengo, tunalijaza kwa al-.

Fusha au Ghuba? Fusha miezi mitatu, kisha ndipo lahaja.

bint_mkomani (Lamu)
Hapo sikubaliani nawe kaka. Mgeni yuko barazani leo, hatangoji miezi mitatu. Fusha iwe ya kusoma na kuandika, ya mdomo, maneno ishirini ya Ghuba yajifunzwe wiki ya kwanza: shlonak (hujambo, kwa mwanamume, shlonich au shlonik kwa mwanamke), wen (wapi), zen (vizuri), alhin (sasa), abgha (nataka). Na ujue qaf kwa wengi wao inakuwa g, qahwa wanaita gahwa, ingawa miji mingi ya Omani imebaki na qaf yake.

Nije kwenye adabu. Salamu kwao ni ndefu kama zetu: afya, watu, safari, mvua, ndipo shida yako. Anayeruka hatua hizo anaonekana ana haraka au ana kiburi. Mwanamume usimwulize mkewe kwa jina, uliza al-ahl, kama sisi tunavyosema "wa nyumbani hawajambo?" Mkono kwa mtu wa jinsia nyingine usiutangulize, ngoja autoe yeye, asipoutoa, weka wako kifuani. Ukisifu mtoto au kitu cha mtu, mashallah itangulie. Nyayo zisimwelekee mtu.

Kahawa ndiyo yenye kanuni nyingi. Mwaka 2015 Saudia, Omani, Qatar na Falme za Kiarabu waliiandikisha UNESCO kama urithi wao wa pamoja, kwa hiyo usiichukulie kama kinywaji tu. Buni hukaangwa kidogo ikabaki ya rangi ya manjano, hutiwa iliki na mara nyingine zafarani, bila sukari. Utamu ni wa tende. Usitarajie kahawa tungu nyeusi ya kwetu Langoni. Mmiminaji hushika dele mkono wa kushoto na finjani wa kulia, anaanzia kwa mgeni mkuu au mzee, na kumimina ni robo hadi theluthi ya finjani. Usijaze! Finjani iliyojaa humwambia mgeni "kunywa uende zako". Pokea kwa kulia, rudisha kwa kulia, usiiweke chini. La kwanza halikataliwi, la tatu linatosha. Ukitosheka, itikise finjani kulia na kushoto mara mbili tatu unapoirudisha. Ukikaa kimya atakumiminia tena, na kosa si lake.

mwana_langoni (Lamu)
Allah awalipe kheri. Nimeelewa, daftari naanza kesho na ق ب ل. Swali moja la mwisho: nitajuaje wakati wa kuondoka umefika, na mwenyeji akisema "kaa bado mapema"?

bint_mkomani (Lamu)
Chetezo kikipita. Kwetu udi hufukizwa harusini na siku za heshima, wakati wowote wa shughuli. Kwao mara nyingi ndio mwisho wa kikao, na wana msemo, ba'd al-'ud ma fi gu'ud, baada ya udi hakuna kukaa. Jifukize mikono na kilemba au shungi, mpishe wa pili, kisha simama. Akisema kaa, hiyo ni heshima yake: shukuru, omba ruhusa mara ya pili, usirudi kitini. Wewe unayetoka sema fi amanillah. Ma'a s-salama, "nenda kwa salama", mwachie anayebaki.