MREJESHO: Leseni ya duka la bangi ya tiba, Oklahoma

Wakuu, habari za siku. Mimi ndiye niliyeuliza namna ya kufungua duka la bangi ya tiba hapa Tulsa, jimbo la Oklahoma, Marekani, mimi na binamu yangu. Asanteni sana, hata mlionicheka.

Aliyesema tuanze na leseni kabla ya fremu alikuwa sahihi, ila nilichelewa kumsikiliza. Jimbo lilisimamisha leseni mpya za maduka, wakulima na wasindikaji kuanzia Agosti 2022, na mwisho uliopangwa ulikuwa 1 Agosti 2026. Fremu yenyewe nilipoipima kwa ramani ya simu iko futi 870 kutoka shule. Sheria inataka 1,000. Kishika uchumba cha dola 800 mwenye nyumba kagoma kurudisha. Basi.

Ushauri ulioniokoa ni wa dada aliyeniambia nimwone mwanasheria wa uhamiaji. Nina grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu), bado si raia. Kumbe sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inaitambua bangi kama kosa, na tangu 2019 idara ya uhamiaji imeandika kwamba kufanya kazi hiyo, hata kwa leseni ya jimbo, kunaweza kukukosesha uraia. Nimejitoa. Binamu, yeye ni raia, anatafuta duka lenye leseni anunue.