Tupeane uzoefu: kula kwa kupitiliza, uzito na tumbo linalosumbua

Binti_Pangani: Wakuu habari zenu. Usiku wa kuamkia leo kiungulia kimeniamsha tena. Nasemea ule ulaji wa nyumba imeshalala, unafunua sufuria la wali, unakula umesimama, tumbo linauma na mkono bado unachota. Tangu niongezeke mwili, nikilala chali tu asidi inapanda mpaka kooni. Nani kapitia? Wa "punguza kula" wapite, hilo nalijua.

Kipepe: Umenisema mimi dada.

Mzee_wa_Buguruni: Magadi kidogo kwenye maji, kinakata hapo hapo.

Ngalawa: Mzee, magadi yana sodiamu, mwenye presha utamuumiza. Halafu yanaongeza gesi kwenye tumbo ambalo limeshajaa.

Mzee_wa_Buguruni: Bibi yangu katumia maisha yake yote.

Ngalawa: Bibi alikuwa anakula chipsi mayai saa tano usiku?

Shuwena: Maziwa baridi, mpenzi.

Fundi_Simu: Tusiupambe ulaji huo kwa majina. Huo ni ulafi.

Mama_Wawili: Kaka Fundi, ngoja nikusimulie. Nilikuwa nakula kwa kujificha, nikimaliza nalia. Nikaamua kujinyima: maji na matango, kilo zikashuka kwa kasi, watu wakanisifia. Siku moja, baada ya pilau la arusi, yakanishika maumivu chini ya mbavu za kulia, yanachoma mpaka kwenye bega kwa nyuma. Nikatapika mpaka nikaishiwa nguvu. Nilishapewa dawa za vidonda vya tumbo mara nyingi, nikajua ni vilevile. Kulipokucha macho ni manjano, mkojo kama chai ya rangi. Altrasaundi ikaonyesha mawe kwenye nyongo, moja limeziba njia. Daktari akaniambia unene unaleta mawe, na kukonda haraka haraka nako kunayaleta. Nilifanyiwa upasuaji, mfuko wa nyongo ukatolewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza nakula vipi nikiwa peke yangu. Hakuna hata mmoja. Wewe unaita ulafi.

Kipepe: Pole sana mama. Nimesisimka.

Fundi_Simu: Pole dada, sikukulenga wewe. Ila siku hizi kila tabia inaitwa ugonjwa.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ulaji huu wa kupitiliza kwenye mwongozo wao wa magonjwa ya akili kama ugonjwa unaojitegemea. Tiba yake ya kwanza ni mazungumzo na mtaalamu, na kula kwa saa maalumu. Ukishinda njaa mchana, usiku utalipiza. Binti, tumbo likijaa kupita kiasi linavutika, mlango wa juu unalegea, na mafuta ya kitambi yanalikandamiza kwa nje. Maliza kula muda wa saa tatu kabla ya kulala, lalia ubavu wa kushoto, weka tofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa. Mito mingi inakukunja tumbo tu.

Shuwena: Na maziwa?

Nesi_Mstaafu: Yanapoza kidogo, kisha asidi inarudi.

Shuwena: Mimi yananisaidia lakini.

Binti_Pangani: Mama Wawili, hayo ya bega la kulia ninayo, hasa nikila vya mafuta. Kesho naenda kupima.

Mama_Wawili: Nenda asubuhi, usinywe hata chai. Kipimo cha nyongo kinataka tumbo tupu. Na habari zile za kula usiku jikoni mwambie daktari zote, hata asipouliza.