Maneno matatu badala ya koodineti tukiwa milimani, inafaa?

Mteremko_Soni

Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha vijana tunatembea milimani wikiendi, sanasana huku kwetu Usambara, na sasa tunajipanga kupiga ile ruti ya Lushoto mpaka Mtae kwa mguu, tunapita msitu wa Magamba, Lukozi, Rangwi, tunalala njiani. Tunaandika utaratibu wa dharura, yaani mtu akiteguka mguu au kundi likigawanyika, yule mwenzetu atakayebaki Lushoto na simu apewe taarifa gani ili awafikishe watu pale pale mgonjwa alipo.

Hapo ndo tumegawanyika. Mmoja wetu anataka tutumie what3words tu, ile apu inayokipa kila kipande cha ardhi jina la maneno matatu, anasema mtu aliyechoka na anayetetemeka kwa baridi hawezi kusoma namba kumi na kitu bila kukosea, maneno matatu anayakumbuka hata simu ikizima. Mwingine anasema koodineti, yaani zile namba za latitudo na longitudo, ndo lugha ya kila GPS na kila ramani, mengine ni mapambo. Mimi nipo katikati, nimeifungua ile apu nimeona ina Kiswahili na nimeona ni rahisi kweli, ila sijawahi kuona mtu anaitumia kwenye tukio lenyewe, porini, mtandao unakuja na kukata. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie kabla hatujaweka jambo hili kwenye karatasi.

Boda_Mbezi

Mkuu mimi natetea maneno. Kazi yangu ni kupeleka mizigo, na ukitaka kujua shida ya koodineti mwambie mteja akusomee kwenye simu, atasoma nusu, atasahau ile alama ya kutoa mbele, ataruka nukta. Maneno mtu anakutajia vizuri hata kama hajui chochote kuhusu latitudo. Na ule mfumo umefikiriwa, wameigawa dunia nzima kwenye miraba ya mita 3 kwa mita 3, jumla trilioni 57, kila mraba una maneno yake matatu, na apu inafanya kazi hata bila bando kwa sababu hesabu zote zipo ndani ya simu. Mongolia posta yao waliuchukua 2016, na kule watu wanahama na mahema yao, mtaa hakuna wala namba ya nyumba hakuna. Kama umesaidia kule nyikani kwanini usisaidie Usambara?

Kibo_Mpole

Boda_Mbezi kaka nakuelewa, kwenye mizigo mjini nakubali kabisa, maana ukikosea unampigia mteja mnaelekezana anatoka getini. Mlimani hayupo wa kutoka getini.

Mimi naongoza wageni Kilimanjaro, njia ya Machame na Lemosho zaidi, na mawasiliano yetu makubwa ni redio koli. Redio inakata, upepo unapiga kwenye maiki, anayeongea anahema kwa sababu yuko juu ya mita 4,600 pale Barafu, anayesikiliza ana lafudhi ya kwao na mimi nina ya kwetu, r inakuwa l, s inakuwa sh. Sasa hebu fikiria neno moja kati ya maelfu, kwa Kiingereza orodha yao ina maneno kama elfu 40, unalisikia nusu, unabaki unakisia. Namba zipo kumi tu. Sifuri mpaka tisa. Nikisikia "sa..." najua ni saba, hakuna nyingine inayoanzia hapo, na mpokeaji ananirudishia moja moja nathibitisha. Hii ndo sababu kubwa kwangu, wala siyo ubishi wa wazee na teknolojia.

Na jambo la pili ambalo naona watu hawalifikirii, anayekuokoa wa kwanza hatumii kabisa apu. Ni mpagazi au muongozaji wa kundi lingine aliye karibu. Huyo ukimwambia "nipo chini ya Stella Point, kama nusu saa kushuka kuelekea Barafu, upande wa kulia wa njia" ameshaanza kutembea kabla hujamaliza sentensi. Kwaiyo jina la mahali kwanza, koodineti pili. Huko kwenu Magamba wenyeji wana majina ya kila kijito na kila kona, yakusanyeni hayo kabla hamjaondoka, mwenyeji wa Rangwi anayajua kuliko simu yoyote.

Mtembezi_Cardiff

Salamu kutoka Wales, mimi mbongo niko huku na milima ya huku ndo mazoezi yangu, Bannau Brycheiniog na Eryri. Naongezea kwa sababu huku ndiko what3words ilikozaliwa (London, 2013) na ndiko ilikopigiwa debe sana kwenye uokoaji, polisi na zimamoto wengi wanaipokea. Na kusema haki imesaidia watu, hasa yule aliyepotea bustanini au kando ya barabara asiyejua hata aanzie wapi kujieleza.

Lakini timu za uokoaji milimani ndo zilizolalamika. 2021 BBC waliandika kwamba Mountain Rescue England and Wales walikuwa na orodha ya sehemu 45 ndani ya miezi 12 ambazo waliletewa na watu waliopotea au kuumia zikawa siyo sahihi, nyingine zikaonyesha nje kabisa ya Uingereza. Sababu zilikuwa zilezile za Kibo_Mpole, tahajia na lafudhi. Kampuni inajibu kwamba maneno yanayofanana wameyatawanya mbali makusudi ili ukikosea uone wazi kwamba umekosea, na ni kweli ikitokea Vietnam utashtuka mwenyewe. Tatizo mwaka huohuo mtaalamu wa usalama wa kompyuta Andrew Tierney akaonyesha kwamba zipo jozi zinazofanana sana halafu ziko karibu karibu, kwa mfano neno lilelile moja lina s ya wingi mwishoni lingine halina. Hiyo ndo mbaya. Ukiambiwa Vietnam unauliza tena, ukiambiwa bonde la pili kutoka ulipo unaenda, na giza linaingia.

Hata huku waokoaji wenyewe wanachopenda zaidi ni usiseme kitu. Wana kitu kinaitwa SARLOC, wanakutumia meseji yenye linki, unaibonyeza, simu inawapelekea lokesheni yenyewe bila wewe kutamka. Kuondoa mdomo katikati ndo dawa. Kwa hiyo Soni, popote mtakapokuwa na mtandao msisome chochote, nakilini koodineti kwenye apu mzibandike kwenye meseji ya kawaida mtume. SMS inapenya kwenye mnara dhaifu ambako simu ya sauti inakata na WhatsApp inazunguka tu.

Mpima_Nanyuki

Mimi ni Mkenya, kazi yangu ni upimaji ardhi, na weekend niko Mlima Kenya ama Aberdare. Nimesoma yote na nakubaliana na wengi ila msiache vijana wakaamini eti koodineti hazina shida zake, ziko nazo na lazima mkubaliane mapema.

Ya kwanza ni ile alama ya kutoa. Chukua Uhuru Peak, ni kama -3.0758, 37.3533. Sahau hiyo alama uandike 3.0758, umeruka ikweta, umempeleka mwokoaji kaskazini mwa Kenya upande wa jangwa la Chalbi. Hiyo angalau inaonekana. Ya pili haionekani: dira ya iPhone inakupa digrii, dakika na sekunde, Google Maps inakupa desimali. Uhuru kwa dakika na sekunde ni 3°04′33″ kusini, mtu akiisoma kwa haraka kama 3.0433 amekosea kilomita tatu na zaidi, na mlimani kilomita tatu ni mlima mwingine. So chagueni mtindo mmoja, mimi nasema desimali, tarakimu tano baada ya nukta. Ya tano ni kama mita moja tu hapa kwetu ikweta, mkiongeza zaidi ni kujichosha.

Ya tatu ni ya wenye ramani za karatasi. Zile topo za zamani za 1:50,000, Kenya na Tanzania, zimechorwa kwa datum (msingi wa vipimo ambao koodineti zinahesabiwa kutoka kwake) ya Arc 1960 na simu zenu zinatumia nyingine, WGS84. Ukichukua namba za simu ukazipiga kwenye gridi ya ile ramani bila kubadilisha unakosea kama mita 300 kaskazini-kusini. Usambara kwenye ule ukingo wa Mambo na Mtae mita 300 inaweza kuwa tofauti ya kuwa juu ya jabali ama chini yake.

Lakini sasa ona kwa nini bado mimi ni mtu wa namba. GPS ya simu msituni haishiki ile mita tatu, inayumba mita tano, kumi, wakati mwingine zaidi kukiwa na miti mikubwa ama uko bondeni. Kwa koodineti ikiyumba inabadilika tarakimu ya mwisho, mbele yote inabaki ilivyo, mwokoaji anaona ni hapo hapo. Kwa maneno, ukisogea mraba mmoja yote matatu yanabadilika, hayana undugu wowote na yale ya jirani. Watu wawili wamesimama pamoja wanatuma maneno tofauti kabisa, na yule wa Lushoto hawezi kujua kama ni pamoja ama wametengana mpaka aingize yote kwenye apu. Halafu na namba mbili mkononi napiga hesabu umbali na mwelekeo hata kwa karatasi na dira. Maneno hayapigiwi hesabu. Simu ikikufa umebaki na shairi.

Kama mnataka kitu kifupi cha kutamka angalieni Plus Codes za Google, yaani code fupi za herufi na namba zinazotaja mahali. Ni wazi, mtu yeyote anaweza kuitumia bure na kuiweka kwenye programu yake, na herufi zimechaguliwa bila vokali. Eneo lenu lote la Lushoto linaanza na 6G7W. Code ya tarakimu kumi ni mraba wa kama mita 14, inatosha kabisa kuona mtu. Ila tumeni code nzima, ile fupi inayoandikwa na jina la mji inategemea mpokeaji ajue ni mji gani.

Boda_Mbezi

Hapo kwenye kusogea mraba mmoja mmenipata, sikuwahi kuliangalia hivyo. Bado nasema mtu asiyejua kitu chochote, mama aliyepotea njia anatoka kuokota kuni, maneno yatamsaidia kuliko desimali tano. Lakini nyie mnajiandaa kabla, mna muda wa kujifunza, hiyo ni hali nyingine.

Mteremko_Soni

Asanteni sana, kweli nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimekaa na wenzangu jioni hii, tumekubaliana hivi: meseji ya dharura inaanza na jina la mahali kama wenyeji wanavyoliita, inafuata koodineti kwa desimali tarakimu tano na alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza, halafu mwinuko kwa mita maana huku juu na chini ya ukingo ni vitu viwili, saa, na hali ya mgonjwa. Plus Code tunaweka mwisho kama kinga, wa Lushoto akiona haviendani anauliza. Maneno matatu tumeyaondoa kwenye utaratibu na yule mwenzetu aliyeyataka mwenyewe amekubali baada ya kusoma ile ya Mountain Rescue.

Swali la mwisho, mtandao usipokuwepo kabisa, kule ndani ya Magamba?

Kibo_Mpole

Andikeni meseji yote kwenye karatasi, wawili wapande mpaka sehemu ya wazi wakaitume, mmoja abaki na mgonjwa. Msitume mtu mmoja peke yake. Na simu ya mgonjwa ibaki na mgonjwa, imewashwa, msiichukue kwa sababu tu ina chaji.

Mpima_Nanyuki

Na kabla hamjaondoka pakueni ramani ya Lushoto yote kwenye OsmAnd ama Organic Maps mkiwa na wifi, halafu zimeni data mfungue muone kama inasoma. Wengi wanagundua hawajapakua wakiwa tayari msituni. Kwa OsmAnd mnaweza kuchagua mtindo wa koodineti kwenye mipangilio, wekeni desimali kwa simu zote za kundi siku hiyohiyo.